Shemeji Bwanausi na Mteremko wa Mpiji

Bwanausi alikuwa mdogo wake marehemu mume wangu, na tangu kabla ya Uhuru alikuwa akiendesha basi la Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Hakuwa dereva wa kujigamba. Asubuhi anapangusa kioo kwa kipande cha kanga yangu kuukuu, anasoma Fatiha, ndipo anawasha gari. Akikuona kwa mbali huko Kerege unajikokota na kikapu chako, anakungoja.

Mwaka sitini na saba, masika, basi liliteleza kwenye mteremko wa Mto Mpiji, likalala ubavu. Akafa mzee mmoja, muuza ukindu wa kusukia mikeka. Polisi walipima, wakasema ni matope, dereva hana kosa. Lakini Bwanausi hayo hayakumwingia. Kila akifika pale mikono inamganda kwenye usukani, jasho linamtoka, anasimamisha basi na kushuka, eti anatazama magurudumu. Abiria wakaanza kununa. Mwenye basi akampa mwezi mmoja: ajirekebishe au aache.

Mimi nilimpeleka kwa mwalimu wa chuoni, akaandikiwa kombe, aya za Kurani zikaoshwa kwa maji, akanywa. Usingizi aliupata, ila mteremko ukabaki vilevile. Aliyemsaidia ni Verdiana, muuguzi, jirani yetu Mkristo. Sifichi, nilichukia kidogo.

Verdiana alimwambia, "Kaka Bwanausi, woga ukikwambia utaua tena, usiukimbie wala usigombane nao. Uulize: umeona nini? Kisha taja kwa sauti kile macho yako yanachokiona. Unayoyawaza yaache kando."

Wakaenda kwanza kwa miguu, wanapanda, wanashuka, naye anataja. Kisha kwa basi tupu. Kisha na abiria. "Barabara kavu. Breki zinashika. Gia ya pili. Naona daraja, sioni maiti." Hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Mwezi ukaisha, naye yuko kwenye usukani wake. Miezi minane hakushuka hata mara moja.

Sasa niseme langu. Kwetu mke wa kaka na mdogo wa mume ni watani. Mtani husema atakalo, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Siku moja, baada ya miezi hiyo minane, tulikuwa wanawake kumi na watatu tunakwenda harusini Kariakoo, nami nimekaa nyuma yake hasa. Kufika mteremkoni nikamsikia, "Barabara kavu. Breki zinashika." Nilijua ni nini. Nilijua! Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, na ulimi wangu haujapata kunitii.

"Jamani!" nikapaza sauti. "Shemeji anaongea na mashetani wake! Nani ana ubani tumfukizie?"

Binamu yangu Fatu akadakia, kama mganga anayeuliza pepo wadai nini, "Waulizeni wanataka kitambaa cha rangi gani!"

Basi zima likaangua kicheko. Bwanausi naye akacheka, maana ukimnunia mtani umeshindwa. "Wanataka cheupe, shemeji," akasema, "na mnunuzi ni wewe." Nikapiga vigelegele. Lakini shati lake mgongoni lilikuwa limelowa chepechepe, nami nililiona.

Kesho yake alipofika pale hakutaja kitu. Aliona haya. Mikono ikaganda, akashuka. Kesho kutwa vilevile, na safari hii abiria wakamwimbia, "Barabara kavu, breki zinashika." Ijumaa alimrudishia mwenye basi ufunguo, akaenda Kiwangwa kulima mananasi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Miaka minne sikutia mguu kule. Nilijiambia utani hauna kesi. Nilikwenda mwaka sabini na mbili, niliposikia mwenye basi anatafuta dereva. Nikamkuta shambani, akaniketisha, akanikatia nanasi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Rudi mjini, wanakutaka. Yale maneno ya Verdiana si unayo bado?"

Akapangusa panga kwa majani. "Ninayo. Lakini nikisema 'barabara kavu', nasikia mnavyocheka. Wewe kwanza, halafu wengine."

"Ulikuwa utani tu."

"Ndiyo, shemeji. Ungekuwa ugomvi, ningekujibu."

Nilifungua kinywa nimwambie nisamehe. Neno hilo sijapata kumwambia mwanamume yeyote, hata marehemu. Nikamwambia nanasi lake ni chachu. Akacheka, kama inavyompasa mtani, akanikatia jingine.