Kartushi Iliyoingia kwa Kusukumwa

Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, wenye maduka ya Uvira walipoondoka, kartushi za bunduki ya baba yangu mdogo ziliadimika. Viboko wa Ruzizi hawakuwa na habari hiyo. Waliendelea kupanda kutoka mtoni na kula mpunga wetu karibu na Sange. Baba mdogo akaanza kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa: fataki, baruti, gololi moja ya risasi, na nta ya mshumaa juu ili unyevu usipenye.

Maganda yale yalikuwa ya karatasi ngumu, nayo karatasi huvimba. Kwa hiyo kila kartushi ilidondoshwa katika mtutu uliofunguliwa kwa nyuma: ikishuka kwa uzito wake ni njema, ikikwama, hukataliwa. Kwetu, aliyezipima ndiye aliyetembea nyuma ya mpigaji, hatua moja, ili naye aonje alichokipima.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka shule ya walimu, na kazi hiyo niliiona ndogo. Kati ya kartushi tisa, moja ilikwama. Niliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia. Kuikataa kulimaanisha kuifungua na kuanza upya, nami nilikuwa na kitabu nilichotaka kukimaliza. Nikaiweka pamoja na nyingine.

“Zote iko muzuri?” aliuliza baba mdogo.

“Zote, baba mudogo.”

Alfajiri tulimkuta kiboko dume kwenye tuta la mfereji. Risasi ya kwanza ilimjeruhi begani, akageuka kutukabili. Baba mdogo akanyoosha mkono nyuma. Nikampa kartushi bila kuitazama. Iliingia nusu, ikagoma, na bunduki haikufunga. Aliing'oa kwa kucha, akaitupa. Nilipokuwa nikitafuta nyingine, kiboko alitujia kama ukuta unaoanguka, akamkumba baba mdogo hadi mferejini, kisha akaendelea mtoni.

Bega lake lilikuwa limetoka mahali pake. Nilimvuta hadi kwenye nyasi. Hakulia. Aliitafuta kwa macho ile kartushi katika tope, akaniagiza niiokote.

“Hii uliisukuma na kidole?”

Ningeweza kuusingizia umande. Tulikuwa wawili tu.

“Niliisukuma.”

“Basi weye ulijua,” akasema.

Watu husema kosa la ujana ni kutojua. La kwangu halikuwa hilo. Nilijua, nikapendelea kitabu.

Bega halikupona sawasawa. Tangu siku hiyo hakuweza kuinua bunduki. Msimu uliofuata aliniita uani, akaweka mbele yangu kartushi kumi alizozijaza kwa mkono mmoja, akakaa kunitazama. Ya nne ilisita kabla ya kuzama yote mtutuni, kiasi cha unene wa ukucha. Niliitoa, nikaiweka kando.

“Hii hapana,” nikasema.

Aliichukua, akaanza kuikwangua nta. Kesho yake mimi ndiye niliyekwenda shambani na bunduki, naye akatembea nyuma yangu, hatua moja, ingawa hakuwa amepima hata moja.