Buibui wa Ukuta wa Mawe

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Annandale, ng'ambo, alikuwa amesomea buibui maisha yake yote, tena si hawa wa darini. Wake walikuwa ukoo mdogo ambao hata wenzake wengi chuoni hawakuujua: wembamba, miguu mirefu, wanajibandika kwenye jiwe na kusuka utando wa duara kama kofia ya taa ya mezani. Aliwatoa milimani miaka mingi nyuma, akawaweka kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, wakazaana. Siku aliponipeleka kuwaona nilimwambia kwetu Tanga tungeshawafagia. Alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha akapata kiharusi, akabakiwa na neno moja tu: hapana. Ukimpa chai, hapana. Ukimwuliza kama amelala vizuri, hapana, huku anatabasamu.

Asubuhi moja akaja mwanamume wa kupulizia dawa ya wadudu. Binti wa mzee, anayeishi mbali, alikuwa ameagiza nyumba isafishwe ipate kuuzwa. Mzee alimwona dirishani, akaanza kuupiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima. "Hapana! Hapana!"

Nikatoka mbio. "Kaka, ukuta huo usiuguse. Mzee hataki."

"Dada, mimi nimetumwa," akasema kwa upole, naye mgeni kama mimi. "Aliyenituma akisema niache, naacha."

Nikampigia binti, nikaisogeza simu karibu na dirisha. "Msikie baba yako mwenyewe."

Binti akajibu, "Baba anasema hapana kwa kila kitu. Hata nikimwambia nampenda." Akaongeza haraka, "Tafadhali, mwache huyo afanye kazi yake."

Nilitaka kumwambia hapana hii ni nyingine. Ningethibitishaje? Mimi ni mtu wa kuogesha na kulisha. Nikakata simu, na yule mwanamume, aliponitazama usoni, akavaa barakoa yake.

Buibui walidondoka wamekunja miguu. Nilirudi ndani nishushe pazia, mzee akalishika, hakutaka. Alitazama mpaka ukuta ukabaki mtupu, unachuruzika.

Kutwa nzima hakutamka lolote. Uji niliomletea aliufumbia mdomo. Nikakaa sakafuni kando ya kiti chake, bakuli la uji mapajani.

Mwezi uliofuata walimhamishia kwenye nyumba ya wazee huko Fairfax, nami nikapangiwa mgonjwa mwingine.