Shikamoo ya Shemeji

Selina alikuwa na mdomo, na kila aliyewahi kula wali wake pale stendi ya Nyegezi alilijua hilo. Konda akilalamika kwamba nyama ni ndogo, alimuuliza kama ameshaoa au bado ananyonya. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia ana saratani ya utumbo mpana, unategemea ajibu nini? Alimuuliza daktari utumbo wenyewe una mita ngapi. "Kata," akasema, "mimi si mchoyo." Daktari akakata. Mwezi Machi Selina alirudi nyumbani Pasiansi na mfuko wa plastiki umebandikwa tumboni, upande wa kushoto, haja kubwa ikipitia humo. Akaupa jina, Mheshimiwa. Anakula asichokilima, alisema, halafu anaongea wakati hajaulizwa.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo hasira zilipoanza kumpanda, na alikuwa na haki nazo. Mwaka mzima alikuwa ameona damu chooni akanyamaza, maana mama mzima ataanzia wapi kuzungumzia choo chake? Zahanati moja ya mtaani ilimpa dawa ya bawasiri bila hata kumpima. Leo amejifunza kulitaja jambo kwa jina lake, eti watu wanamtaka arudi kunong'ona. Majirani walikuja wameinamisha vichwa, wakakaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kansa inaruka. Hao aliwavumilia. Aliyemuudhi kuliko wote alikuwa Chenge.

Chenge ni mdogo wake Yeremia, mume wa Selina. Kwa Wasukuma shemeji wa namna hiyo ni mtani, na utani wao ulikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Katika miaka yote hiyo Chenge hakuwahi kuingia uani pale akasalimia kistaarabu. Alikuwa akiuliza kama kaka yake bado yu hai au chumvi ya Selina imeshammaliza. Selina naye alimjibu kwamba ng'ombe wa mahari waliotoka kwao walifika wanakohoa. Basi mwezi Aprili Chenge huyohuyo alipiga hodi, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kanisani, "Shikamoo, shemeji."

Selina hakuitikia. Alimtazama, akamgeuzia mgongo, akaendelea kuchambua mchele wake. Mtani akikupa shikamoo amekwisha kukuhesabu pamoja na marehemu, hakuna maelezo mengine. Na kila alipokuja tena, Chenge aliileta shikamoo ileile, na kila mara aliondoka nayo.

Mwezi wa tisa Selina alikuwa amemaliza dozi sita kati ya nane za dawa ya kansa ya kuingizwa mshipani. Malimi, kaka mkubwa wa Yeremia na Chenge, akaitisha kikao cha ukoo. Kikao chenyewe kilifanyika wapi? Sebuleni kwa Selina, naye yuko chumbani amelala, katikati pana pazia tu.

"Huyu mama anacheka kupita kiasi," Malimi alisema. "Mgonjwa anayecheka hivi anaaga. Hizo dawa zinamtesa bure. Tumpeleke Bujora kwa shangazi, apumzike."

Wote wakaafiki. Yeremia, mumewe wa ndoa, hakufungua mdomo. Chenge ndiye aliyeteuliwa kupeleka ujumbe, kwa sababu shemeji anaruhusiwa kusema lolote. Akasogeza pazia.

"Shikamoo, shemeji. Wazee wamekaa..."

"Nimewasikia. Wamekalia viti vyangu, wamekunywa chai yangu, wamenizika. Keshokutwa ni dozi ya saba. Kule hospitali hawakubali utoke bila ndugu wa kukushika mkono, na kaka yako Yeremia ameshachagua kukaa na wazee. Utanipeleka wewe."

"Wazee watasemaje, shemeji?"

"Kwani kansa wanayo wao?"

Alhamisi wakaenda. Muuguzi alimchoma sindano, akafungulia dripu, na ile baridi aliyoizoea ikaanza kumpanda mkononi. Chenge aliketi pembeni, kofia mapajani. Wodi ilikuwa kimya, na katika kimya hicho Mheshimiwa akanguruma.

"Mtusamehe," Selina akawaambia wagonjwa wenzake. "Anaomba mwongozo wa Spika."

Mzee wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Chenge alitazama sakafu.

"Cheka, Chenge."

"Siwezi. Malimi anasema unatuaga."

Selina aliinuka, dripu ikayumba. "Naaga? Mimi naogopa, mjinga wewe. Naogopa tangu Machi. Nikiamka naogopa, nikila naogopa. Nikitania, woga unasogea pembeni kidogo, napata nafasi ya kumeza chakula. Sasa nitamtania nani, ikiwa mtani wangu ananiamkia kama mkwe wake? Utani mmeninyang'anya, na dawa nayo mnaitaka." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

Chenge aliichukua kofia mapajani. Akaivaa.

"Kuogopa tungeogopa sisi," akasema. "Tumekula wali wako miaka ishirini na saba, na hakuna aliyetupa pole."

Selina akacheka, tumbo likamuuma, akazidi kucheka, mpaka muuguzi akaja kuushika mkono wenye sindano. Simu ya Chenge ikaita. Alikuwa Yeremia, akiuliza kama ujumbe wa wazee umefika. Chenge akampa Selina simu.

Selina alikuwa na maneno ya kumwambia mumewe, aliyoyapanga tangu siku ya kikao, makali, moja baada ya jingine. Akaanza na lililo jepesi. "Baba Suzana, dozi ya saba inaingia. Ya nane ni baada ya wiki tatu, na utanileta wewe. Ulikaa pale sebuleni ukanyamaza. Kwa nini?"

Selina akamsikia analia.

"Nilidhani ni kweli unaniaga," Yeremia alisema. "Nikashindwa kukuuliza."

Yale maneno makali yote Selina akayaacha. Alingoja mumewe amalize kulia, dripu ikiendelea kudondoka, halafu akamwambia aje kuwachukua saa nane, na asimlete Malimi.