Siku Nilipodanganya Urefu wa Mkono Wangu

Sisi tuliokulia Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, hatukuhitaji saa. Wingu likishuka hadi mashamba ya juu tulijua ni muda wa kurudisha ndama, na ile rimu ya lori iliyoning'inizwa shuleni ikigongwa tulijua tumeshachelewa. Tulikwenda shule na kuni mkono mmoja, jembe mkono mwingine, na mfukoni viazi vya kuchoma ambavyo alfajiri vilikuwa dawa ya vidole vyenye baridi na saa nne vilikuwa chakula. Binti yangu Neema, aliye kidato cha tatu, nikimweleza hayo hunitazama kwa upole sana, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Likizo hii amekuja na jambo jipya. Ameona kwenye simu pinde za kizungu za kuwindia, zile zenye magurudumu madogo kwenye ncha na kamba zinazopishana, na sasa haongei kingine. Anasema kabla ya kununua upinde wa namna hiyo lazima ujue urefu wako wa kuvuta. Basi juzi alisimama sebuleni amepanua mikono kama sanamu ya kufukuzia ndege, akajipima kwa futi ya cherehani, simu ikagawa kwa mbili na nusu, ikampa jibu.

"Rahisi tu, mama," akaniambia. "Hapa mtu huwezi kukosea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi nilikosea, tena kwa makusudi, na kidogo nimmalize bibi yake.

Enzi hizo mtoto wa kiume aliyepewa shamba la kulinda alikuwa na upinde. Mahindi yakianza kutoa ndevu, ngedere walikuwa wanashuka kutoka msituni na ukoo mzima, akina mama wakiwa na watoto wameng'ang'ania tumboni, na hawakuwa na wasiwasi wowote. Ngedere anaonja hindi hili, analitupa, anaonja la pili, analitupa, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Sisi kwetu mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo shamba la juu nilipewa mimi. Nikitoka shule nilipanda kwenye dungu, jukwaa la miti alilonijengea baba, nikakaa huko na debe bovu la kupiga kelele mpaka jua linazama. Debe lile ngedere walilizoea kwa siku tatu. Siku ya nne nilipiga mpaka mikono ikauma, na mmoja akakaa juu ya kisiki ananisikiliza.

Baba alizunguka shamba jioni ile akahesabu mistari iliyokwisha. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mambo yakiendelea hivi itabidi niache shule mpaka mavuno, nilinde kutwa. Dada yangu alilinda hivyo mwaka wa kabla yake, na aliporudi darasani wenzake walikuwa wameshamwacha mbali, akarudia darasa. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwomba baba upinde.

Binamu yangu Boay, mtoto wa baba mdogo, aliposikia alicheka sana. Yeye alikuwa na upinde wa mti wa mkole aliouchonga mwenyewe, na mishale yenye manyoya ya jogoo wetu. Msimu ule jogoo wote wa boma letu walitembea bila mkia. Mama akiuliza mkia umekwenda wapi, sote tulimtazama jogoo, kana kwamba yeye ndiye anayepaswa kujibu.

"Mkono wa msichana ni mfupi," Boay akaniambia. "Utatengenezewa upinde wa kuulia nzi."

Neno hilo liliniingia. Na ndilo lililoniharibu.

Mtengenezaji wa pinde aliyesifika alikuwa Mzee Gidahoda, mfugaji wa kule tambarare, Gehandu. Siku ya mnada alipanda na ng'ombe wake, shuka begani, bangili za shaba mkononi, na kisu kidogo ambacho hakikutoka kiunoni ila kwa kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na kila neno lilikuwa limeshafikiriwa. Baba alinipeleka kwake mnadani. Naona alikuwa na hofu kwamba mzee atacheka.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba." Akanitazama kuanzia miguu hadi kichwa. "Analinda nini?"

"Mahindi," baba akajibu.

"Basi. Ngedere hatauliza kama ni msichana."

Walipatana debe la mahindi baada ya mavuno. Kisha mzee akachukua ufito ulionyooka, akauweka ncha moja katikati ya kifua changu, akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiubana. Pale vidole vyangu vitakapoishia, ndipo angekata alama kwa kisu. Upinde na mishale vingefuata alama ile.

Boay alikuwa amesimama nyuma ya mbuzi wa watu, anatabasamu. Basi nikafanya hivi: nikaingiza kifua ndani, nikatoa pumzi yote, nikasukuma mabega mbele mpaka yakataka kukutana. Mikono ikaongezeka. Mzee Gidahoda alinitazama usoni kitambo, nikatazama ng'ombe. Akakata alama.

Baada ya mnada mmoja upinde ukaja. Ulikuwa mzuri, mweusi kwa mafuta, na ugwe wake, yaani ile kamba, ulikuwa wa kano za ng'ombe zilizosokotwa zikalia kama zeze ukizigusa. Boay alipouona aliomba aushike. Nilitembea nao kijiji kizima, hata kisimani, hata katekisimu, ambako katekista aliniambia niuache nje pamoja na mbwa.

Shida ilikuwa kuuvuta. Ili ule upinde ujipinde sawasawa ilibidi nirudi nyuma kwa kiuno, kidevu juu, mkono wa kulia upite sikio. Nikiachia, ugwe ulinichapa mkono wa kushoto kwanza, ukanichapa sikio baadaye, na mshale ukaenda ulikotaka wenyewe. Nilivaa sweta la mikono mirefu wiki nzima kuficha michubuko. Boay aliniuliza kama upinde unanifaa, nikamwambia unanifaa sana.

Jumamosi mchana ngedere wakaja. Nilikuwa kwenye dungu. Nikamchagua mkubwa wao, yule wa kisiki, nikaweka mshale, nikajipinda nyuma, nikavuta hadi nikaona anga tu. Mguu ukateleza. Nikaachia.

Mshale haukwenda kwa ngedere. Ulikwenda kwenye njia inayopanda kutoka nyumbani, na kwenye njia hiyo alikuwa anapanda mama yangu, mtoto mgongoni, kikapu cha chakula changu kichwani. Nilisikia "tap", sauti ndogo tu. Mama akasimama. Mshale ulikuwa umepenya kikapu, ukatoboa kibuyu cha maziwa mgando kilichokuwa ndani. Maziwa yakaanza kushuka polepole, kwenye kitambaa chake, kwenye paji la uso, kwenye pua. Mdogo wangu mgongoni akaamka, akanyoosha ulimi, akaanza kulamba shingo ya mama.

Sijui nilishukaje kwenye dungu. Nilijikuta miguuni pake.

"Ulilenga nani?" mama akauliza, bila kujifuta.

"Ngedere, mama."

"Na mimi nafanana na yupi kati yao?"

Ndipo akakaa chini majanini, akanivuta, akanishika kichwa kwa mikono miwili, na nikahisi kwamba inatetemeka. Leo naweza kucheka kuhusu maziwa. Kuhusu ile mikono bado siwezi.

Baba alikasirika, lakini si kwangu. Alivuta upinde ule mwenyewe mara mbili tatu, akasema huu haukutengenezwa kwa mtoto, mzee yule amefanya kazi ya kulipua, na kesho tunakwenda Gehandu kuurudisha. Ilinibidi niseme palepale. Sikusema. Nilikaa na neno langu mdomoni njia nzima ya kuteremka, saa nyingi za vumbi, baba mbele na upinde, mimi nyuma, na kila nilipotaka kufungua mdomo alikuwa anakutana na mtu wa kumsalimia na kumsimulia ubaya wa kazi ya Mzee Gidahoda. Mpaka tunafika, nusu ya wilaya ilishajua.

Tulimkuta anakamua. Alimaliza kwanza. Akampokea baba, akatukaribisha maziwa, akasikiliza malalamiko yote bila kumkatiza. Kisha akauchukua upinde, akautazama kwa jicho moja, akaingia ndani akatoka na ule ufito wenye alama. Alikuwa ameutunza.

"Njoo, mjukuu," akaniambia. "Simama kama unavyosimama ukiwa peke yako."

Aliniwekea mkono begani, mkono mzito wenye harufu ya moshi na maziwa, akalibonyeza bega langu taratibu mpaka likakaa mahali pake. Nikanyoosha mikono. Vidole vyangu vikaishia mbali na alama, upana wa vidole vitatu vyake. Baba akaona. Mimi nikaona. Mzee akageuka kwa baba, uso umetulia kabisa.

"Mtoto wako amefupika tangu siku nilipompima," akasema. "Alikuwa anaumwa?"

Nikaangua kilio. Nikasema yote: Boay, nzi, kifua, mabega, mpaka jogoo wasio na mkia, ambao hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zao. Nilitazama viatu vya baba nikingoja. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani, na Mzee Gidahoda naye, na mke wa mzee ndani ya nyumba, ambaye sikujua kwamba anasikiliza.

"Niliona siku ile," mzee akaniambia. "Nikasema labda ndivyo alivyoumbwa."

Baba alimwomba radhi, kwa heshima, amesimama. Na tuliporudi alisimama kwa kila mtu aliyemsimulia, mmoja mmoja, kurekebisha habari. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na ilitosha.

Mzee aliupunguza upinde mchana uleule, akakwangua ncha, akachimba vijia vipya vya ugwe, akakata mishale kwa alama mpya. Nilipouvuta, mkono ulikuja ukatua kwenye pembe ya mdomo wangu kana kwamba umezaliwa hapo. Mshale ukachoma shina la mgunga alilonionyesha. Naomba ieleweke kwamba maishani mwangu sijampiga ngedere hata mmoja. Lakini yule mkubwa, mshale ulipoota kwenye kisiki chake, dakika moja baada ya yeye kuondoka kwenda kuchagua hindi, alirudi, akautazama, akanitazama mimi, akawachukua watu wake. Tulivuna, mzee akapata debe lake, nami sikukosa shule siku moja. Hesabu nilifeli kwa akili yangu mwenyewe.

Tangu hapo kila mwaka baada ya mavuno nilishuka Gehandu kupimwa upya. Mzee aliniuliza habari za mahindi, za mama, za ng'ombe wetu mweupe mwenye pembe moja, halafu ndipo achukue ufito. Alama zilipanda kidogo kidogo. Mwaka niliomaliza darasa la saba vidole vyangu viliishia palepale pa mwaka uliotangulia. Akapima tena, akatikisa kichwa.

"Basi," akasema. "Huu ndio mkono wako."

Sikushuka tena kwa ajili ya upinde. Nilienda sekondari, nikaolewa, yeye akafariki mwaka ambao sikuwepo.

Neema ananieleza kwamba upinde wake wa kizungu hauna shida hiyo kabisa. Mkono ukirefuka, unalegeza skrubu kwa spana ndogo, unasogeza gurudumu, unakaza, umemaliza, chumbani kwako, bila kumsumbua mtu. Nilimwambia ni jambo zuri, na kweli ni zuri. Sikumwambia kwamba ninachokikumbuka mimi ni ile safari ya kushuka, na mtu mzima aliyeacha ng'ombe wake mara moja kwa mwaka ili aone nimekua kiasi gani.