Pua ya Mama Masalu

Mungu alipogawa karama, wengine waliondoka na sauti, wengine na vidole vya kinanda, wengine na miguu ya kucheza mpaka vumbi liombe radhi. Bernadina aliondoka na pua.

Haikuwa pua kubwa. Ukimkuta sokoni akichambua michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, usingeitazama mara mbili. Lakini tangu usichana wake kule Songwa aliweza kukaa uani kwao akakwambia nyumba ya nne wanapika nini, na kwamba kinaungua. Siku ya harusi yake alimnong'oneza Mayala, bwana harusi, mbele ya madhabahu: "Hii suti wameshaoa nayo wanaume wanne." Mayala akacheka mpaka viapo vikasimama. Mwenye suti alipoulizwa baadaye alisema walikuwa watano, ila mmoja alikimbia kabla ya ibada.

Walipohamia na mtoto wao Masalu upande wa Geita, kwenye kijiji cha machimbo, pua ikaanza kumletea aibu. Jumapili moja alikaa nyuma ya Mzee Theonest, mzee wa kanisa, mtu aliyekemea tumbaku kila aliposimama. Bernadina akainama kwa adabu, akamwambia sikioni, "Shikamoo baba. Kopo lako la ugoro limefunguka mfukoni, litakuharibia koti."

Alitaka kusaidia tu. Bahati mbaya ulikuwa wakati wa sala ya kimya, na kanisa zima likasikia.

Tangu siku hiyo Mzee Theonest hakuitikia tena shikamoo yake. Bernadina naye akawa anaingia kanisani na ncha ya kanga puani, akipumua kwa mdomo kama kuku juani.

Ndipo Mchungaji Donatus alipohubiri juu ya yule mtumwa aliyefukia talanta ya bwana wake. "Ninyi wachimbaji mafundi wa kufukua!" alisema. "Mtu anashuka mita sitini kufuata chembe. Mbona karama za Mungu mnazifukia?" Akaweka daftari mezani, kila mtu aje aandikishe yake. Bernadina akapanga foleni.

"Karama yako, Mama Masalu?"

"Nanusa, Mchungaji."

"Unanusa nini?"

"Kila kitu."

Mchungaji alilitazama daftari, akaitazama foleni, akaandika: *Usafi*.

Basi Bernadina akafagia. Alifagia mwaka mzima, kwa uaminifu, mpaka chini ya mimbari ambako hakuna aliyewahi kuchungulia. Lakini kila alipoinama alinung'unika kidogo: "Bwana, kama ni ufagio ungenipa mikono, ingetosha. Pua hii ya nini?"

Ikafika sikukuu ya mavuno. Mama Loveness, mwenyekiti wa akina mama, alipika togwa ya mtama ya watu mia mbili. Chombo kikakosekana. Mzee Theonest akajitokeza kifua mbele. Mpwa wake Ngusa alikuwa na mtambo wa marudio, ule mchanga wa dhahabu uliokwishaoshwa mara moja, unaotiwa dawa kali ili utoe kilichobaki. Huko mapipa hayakosekani. Likaja pipa la bluu, zuri, lenye mfuniko. Akina mama wakalisugua kwa mchanga, kwa sabuni na kwa tenzi, kisha wakamimina togwa.

Watoto walikuwa wamekwishajipanga na vikombe vyao, na Bernadina anafagia majani karibu nao, ufagio uliposimama. Kanga ilikuwa imemteleza. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mama Loveness, umeweka muhogo mchungu?"

"Muhogo! Mayu, mama wee, togwa yangu ni mtama mtupu."

"Nasikia harufu ya muhogo mchungu. Ule ambao haujalowekwa. Unatoka kwenye pipa."

Mama Loveness akanusa. Mtama. Mchungaji akaja, akanusa. Mtama. Mzee Theonest akanusa, akainua kichwa akitabasamu. "Siku ile ugoro, leo muhogo. Kesho utatuambia pipa langu lina wachawi!"

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Bernadina yakawaka moto. Kanga ilikuwa pale pale begani. Angeweza kuirudisha puani, akaendelea na majani yake, na Mzee Theonest labda angeitikia salamu. Mtoto wa kwanza akanyoosha kikombe.

Bernadina akautupa ufagio. Akaubamiza mfuniko, akapanda juu ya pipa, akakaa. Naye hakuwa mwanamke mwembamba.

"Hapa hanywi mtu," alisema.

"Mama Masalu, shuka!"

"Sishuki, Mchungaji. Mlisema tusifukie. Mimi sifukii, naatamia."

Mchungaji Donatus, aliyependa amani na aliyekuwa na kiu, akasema basi tuipime hiyo karama. Wakamfunga kanga machoni pale pale juu ya pipa. Wakamletea kitu cha kwanza.

"Biblia," alisema Bernadina. "Yako, Mchungaji. Huwa unaisoma huku unakula sato."

Mchungaji akairudisha kwapani haraka. Wakamletea kofia.

"Ya Mzee Theonest. Ugoro." Akafikiri. "Wa leo asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Mzee Theonest, naye alikuwa akilitazama pipa. Polepole akatoa simu, akampigia mpwa wake, akaweka sauti ya nje.

"Ngusa, lile pipa la bluu lilikuwa na nini?"

"La bluu? Mjomba, nilisema chukua jeusi, la maji! La bluu ni la dawa, sianidi, sumu kama ya muhogo mchungu! Hata ng'ombe wasilikaribie! Mmeweka nini humo?"

"Togwa," alisema Mzee Theonest kwa sauti ndogo.

"Mungu wangu. Nani kanywa?"

Mzee Theonest akainua macho kwa yule mwanamke aliyekaa juu ya pipa, kanga bado machoni. "Hakuna," alisema. "Limekaliwa."

Ngusa alikuja mwenyewe na gari na glavu, akalichukua pipa na togwa yake akaviteketeze kunakostahili. Watu walishushia wali kwa maji ya kisima, baada ya Bernadina kuyanusa ndoo kwa ndoo, foleni nzima ikimsubiri kwa heshima. Mchungaji alilifungua daftari, akafuta *Usafi*, akaandika *Kunusa*, akapiga mstari chini yake.

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Theonest alimfuata, kofia mkononi.

"Shikamoo baba," alisema Bernadina.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba kabisa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo dogo la bati, akaliweka kiganjani mwake. "Chukua, katupe. Nimeacha. Mbele yako nitaficha wapi?"

Bernadina akalipokea kwa mikono miwili. Akavuta pumzi kidogo, kwa upole tu.

"Asante, baba. Na lile la kwenye soksi?"