Mwaka wa Kaptura Fupi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya sare za serikali pale Nakuru, nilijishona kidole. Fundi Mkuu, mzee mpana aliyezungumza na pini mdomoni, alinitazama nikirukaruka, akasema, "Vizuri. Sasa cherehani imekujua." Akanipa vifungo. Nilishona vifungo mpaka nikaviota, nikapandishwa kwenye pindo, yaani ule mkunjo wa chini ya nguo, na mwishowe nikapewa mkasi mkubwa. Mkataji alikuwa mtu mzito. Mshonaji akikosea hufumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwenda.

Tuliwavisha matarishi, walinzi wa misitu na askari wa vizuizi vya barabarani. Mke wangu, Rasoa, aliuza uji wa maziwa langoni. Wateja wake walikuwa mafundi wetu na vibarua wa barabara waliopita na koleo zao.

Kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini mambo yalikaza. Bei za mazao zilishuka, wazungu wa mashamba kule Njoro wakapunguza watu, na madukani ukawakuta wenye duka wakipiga miayo. Tulidhani serikali, kwa ukubwa wake, ingetushika mkono. Badala yake Nairobi ilituletea mtu wa kupunguza matumizi. Cheo chake kilikuwa kirefu, kwa hiyo tukamwita Bwana Akiba. Alikuwa mwembamba, mpole, na penseli yake ilikuwa imechongwa hadi akaishika kwa kucha.

Aliinua kaptura moja. "Hii pindo nafanya kazi gani?"

"Bwana," nikamjibu, "askari akinenepa, au nguo ikirudi ikawa fupi baada ya kufuliwa, tunalishusha."

"Serikali hapana taka askari nanenepa."

Pindo likafa siku hiyo. Kisha akaamuru kaptura ipande juu ya goti, na juu tena. Fundi Mkuu alitoa pini zote mdomoni, tukajua mambo ni mazito.

"Bwana, Mau Narok kuna baridi."

"Watembee mbio."

Wiki iliyofuata aliachisha kazi nusu ya mafundi, akiwemo rafiki yangu Zakaria, ambaye matundu yake ya vifungo yalikuwa mazuri kama macho ya ndama. Zakaria aliazima cherehani, akakaa kwenye baraza la duka karibu na soko. Lakini vibarua wa barabara nao walikuwa wameachishwa, na mtu asiye na kazi hujishonea mwenyewe. Nilipompitia aliniambia, "Nimeshona kiraka kimoja tu, na suruali yenyewe ni yangu."

Nyumbani, Rasoa alikuwa amebadilisha sufuria kubwa kwa ndogo. "Huyo Bwana wenu ameachisha watu wangapi?"

"Nusu yetu."

"Basi hajui kuhesabu. Na mimi ameniachisha. Kesho namwambia yule mama wa Njoro anayeniletea maziwa asilete tena. Naye alikuwa anataka Zakaria amshonee watoto nguo za shule."

Nilinyamaza. Nilikuwa bado na kazi, na nilikuwa naogopa.

Bwana Akiba alirudi na uso mrefu. Kodi na leseni, alisema, zimeingia kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo lazima tukate zaidi. Fundi Mkuu akaipima ile kaptura kwa jicho. "Bwana, tukikata tena itakuwa mshipi."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka, akaingia Sajini wa Mau Narok, mtu mkubwa, kajifunga blanketi kiunoni.

"Fundi," akanguruma, "mlitupima sisi au watoto wetu?"

Ndipo tukapata kisa chote: kitambaa kilikuwa cha bei nafuu na kilirudi kilipofuliwa mara ya kwanza. Mkuu wa Wilaya akaja kukagua gwaride, na mkewe ndani ya gari. Sajini akatoa amri, askari wakapiga mguu chini, na mishono ikapasuka mstari mzima kama bisi kwenye kikaango. Mkuu wa Wilaya alikagua milima mpaka mwisho wa gwaride.

Ikaja amri ya suruali ndefu kwa wote, upesi. Pindo la kushusha halikuwepo, kwa hiyo kaptura zote zikawa matambara na kitambaa kikanunuliwa upya. Bwana Akiba alikuja mwenyewe. "Ita fundi wote rudi," alisema, akitazama viatu vyake. Nilimwonea huruma, huko Nairobi naye alikuwa na bwana wake.

Zakaria nilimkuta Njoro akishona magunia ya ngano. Alikataa kurudi. "Gunia halipigi gwaride," alisema. Yule mama wa maziwa alikuwa ameshamuuza ng'ombe wake, na Rasoa aliuza uji mweusi, usio na maziwa, muda mrefu.

Miaka ilipita, nikawa Fundi Mkuu, na amri ya kubana matumizi ikaja tena. Safari hii sikunyamaza. Niliomba tugawane siku za kazi, kila mmoja ale kidogo, asifukuzwe mtu. Afisa alinuna, lakini alikubali, na langoni sufuria haikubadilishwa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, afisa yule alisimama mbele ya wote akasoma ripoti yangu: fundi hodari, mwaminifu, ila hajui kukata. Rasoa alipiga makofi peke yake, mpaka wengine wakaona aibu wakamfuata.