Kipimo cha Tumbili Wazee

Binti mmoja mtafiti alikuja kwenye vilima vyetu huku Geita kupima kama tumbili wazee bado wana kumbukumbu. Aliniajiri kwa sababu nawafahamu wale wanyama. Kazi yangu ilikuwa kuficha karanga chini ya kopo moja kati ya mawili, tumbili akiona. Tunasubiri kidogo, halafu tunamwacha achague.

Siku ya tatu jike mmoja mzee alifunua kopo tupu. Nikamcheka. Binti akaniuliza, "Baba, kwani karanga umeificha wapi?"

Sikujua. Na nilikuwa nimeificha mwenyewe sasa hivi.

"Uzee huo, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita mabinti kwa Kisukuma.

"Uzee gani, baba? Hata hamsini hujafika!"

Basi nikamweleza. Miaka kumi na miwili nilichoma dhahabu kwa zebaki kwenye kikaango, ndani ya kibanda, moshi wote puani. Bosi mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu alisimama nje, upande upepo unakotoka, kajiziba pua kwa leso. Alituambia, "Kunyweni maziwa, yatawasafisha." Tukanywa, wajinga sisi. Yeye alijua, ndiyo maana alisimama nje! Bwana afya naye alijua, akala mbuzi wa bosi akaondoka. Wenzangu wawili wamekufa wakitetemeka, bila kuwatambua watoto wao.

Nikamwambia binti ayaandike hayo. Akaitazama karatasi yake kwa aibu. "Baba, fomu hii ni ya tumbili tu."

"Basi andika tumbili dume," nikasema. "Lakini aliyemharibu, andika ni mtu."